UKIMYA WA MUUZAJI NI GHUSHI: ULIYEUZIWA ARDHI YENYE KIZUIZI USINYAMAZE NAWE

Ndugu msomaji, iko dhulma moja ambayo huku kwetu Kibondo na Kasulu imezoeleka mno hata haiitwi dhulma tena. Inaitwa biashara.

Mtu ana kiwanja kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Anajua fika kwamba nusu ya kiwanja hicho imo ndani ya hifadhi ya barabara, kwani wapimaji walipopita aliwaona kwa macho yake wakisimika bikoni, na pengine aliwapa maji ya kunywa. Wiki inayofuata anamwita dalali. Mnunuzi anafika, anazungushwa, anaonyeshwa migomba na mwembe. Bei inatajwa, inapunguzwa kidogo kwa ajili ya udugu, mashahidi wanaitwa, dole gumba linawekwa. Katika mazungumzo yote hayo barabara inatajwa mara moja tu: "Unaona, ndugu yangu, uko barabarani kabisa, hapa biashara haikosi." Mwaka unapita. Mnunuzi amekwisha kusimamisha kuta na kuezeka bati, ndipo wanapokuja watu wenye kopo la rangi nyekundu na kuchora alama ya X ukutani. Anamwendea muuzaji mbio. Na muuzaji, tena mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, anamjibu kwa utulivu: "Mbona hukuniuliza?"

Huu ni mfano tu, hatukumtaja mtu wala hatuna haja ya kumtaja. Kila msomaji wetu wa wilaya hizi mbili atajaza jina mwenyewe.

Sisi ni watu hodari wa kubishana. Tumebishana miaka na miaka juu ya kunuti ya alfajiri, juu ya maulidi, juu ya mwezi kuandama hapa au kule. Hatusemi kuwa masuala hayo hayana uzito. Lakini, ewe ndugu yangu, ni lini mara ya mwisho ulisikia khutba ya Ijumaa juu ya mtu anayeuza kiwanja huku akijua kuwa hakijengeki? Mtu huyo anaswali safu ya kwanza, anatoa mchango wa madrasa, na fedha ya mchango ni ile ile aliyoichukua kwa mjane aliyemwuzia bonde.

"Hakuniuliza"

Tuanze na udhuru huu kwa sababu ndio unaotumika zaidi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikakuta unyevunyevu. Mwenye nafaka alipoulizwa akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Tazama vizuri kisa hiki. Mfanyabiashara yule hakusema uongo hata neno moja. Hakuapa, hakusifu, hakudai kuwa nafaka yake ni kavu. Wala hakuna mnunuzi aliyemwuliza. Kosa lake lilikuwa kuiacha kasoro chini na uzuri juu, akanyamaza. Je, bikoni iliyofunikwa na majani ya viazi ina tofauti gani na nafaka ile?

Na katika hadithi ya Uqba bin Amir, iliyomo katika Sunan Ibn Majah, mafundisho ni ya wazi zaidi: Mwislamu si halali kwake kumwuzia nduguye kitu chenye kasoro ila ambainishie. Wajibu wa kubainisha umewekwa juu ya muuzaji. Haukuwekewa sharti la kuulizwa.

Wengine hukimbilia sheria ya nchi, wakidhani huko watapata kivuli. Nasi tuwafuate huko huko. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, inahesabu kuwa ni udanganyifu mtu kuficha kwa makusudi jambo analolijua. Ni kweli kwamba kifungu hicho kinasema ukimya mtupu peke yake si udanganyifu. Lakini kinaongeza papo hapo: isipokuwa pale ambapo hali ya mambo inamlazimu mtu kusema, au pale ambapo kunyamaza kwake ni sawa na kusema. Kisha kifungu cha 19 kinampa aliyedanganywa uwezo wa kuuvunja mkataba, au kuushikilia na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwamo kama aliyoambiwa yangekuwa kweli. Muuzaji aliyefunika bikoni, aliyeng'oa kibao cha onyo, au aliyemleta mnunuzi jioni ili asione alama ya rangi ukutani, huyo amevuka ukimya, amekwisha kuficha kwa mkono wake.

Hata hivyo tuseme ukweli wote, kwani hatuandiki ili kumfurahisha mtu. Sheria ya nchi katika jambo hili ni laini kuliko fiqhi. Kifungu hicho cha 19 kinasema kwamba ikiwa udanganyifu ulikuwa wa kunyamaza, na mnunuzi alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, basi mkataba hauvunjiki. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamhesabu mnunuzi kuwa alikijua kile ambacho angekijua lau angeulizia ipasavyo. Kwa hiyo inawezekana muuzaji akashinda barazani kwa sababu tu mnunuzi hakwenda ofisi ya ardhi. Basi na ashinde! Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa kwa Ummu Salama katika Bukhari na Muslim, ametuonya kwamba yeye huhukumu kwa anachokisikia, na ambaye atakatiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Kama hukumu ya Mtume mwenyewe haimhalalishii mtu mali isiyo yake, itawezaje hukumu ya Baraza la Wilaya?

"Nimeuza kama palivyo"

Udhuru wa pili ni wa wajanja. Wanaandika katika hati ya mauziano kwamba mnunuzi "amepaona na kuridhika na hali iliyopo", wakidhani kuwa maneno hayo ni kinga. Jambo hili lilikwisha kutokea zama za Masahaba, na limo katika Muwatta ya Imamu Malik. Abdullah bin Umar (R.A.) alimwuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutowajibika na kasoro yoyote. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa ambao hakuambiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan (R.A.). Naye hakusema "ulisaini". Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akiujua ugonjwa ule. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Baadaye akamwuza kwa dirhamu 1,500. Kipimo cha Uthman kilikuwa swali moja: ulijua au hukujua?

Nasi tunamwuliza muuzaji wa Kasulu swali hilo hilo. Je, uko tayari kushika Msahafu na kuapa kuwa hukujua?

Vizuizi vinavyofichwa huku kwetu

Mtu wa mbali anaweza kudhani kuwa vizuizi vya ardhi ni mambo ya Dar es Salaam. Hapana. Ardhi ya Buha ina historia nzito. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatoa watu katika vilima walimokuwa wametawanyika na kuwakusanya vijijini. Kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015. Mashirika yakaja, wafanyakazi wakaja, na penye wageni wenye mishahara pana madalali. Kisha mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha mkopo wa barabara ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, njia ya kilomita 260 hivi. Ardhi iliyokuwa shamba la maharage imekuwa "fremu".

Hapo ndipo barabara inapokuwa mtego. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilihesabiwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaipeleka hadi mita 30. Ndiyo maana wananchi wameona alama za rangi mbili: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hatarajiwi kulipwa, na ya kijani kwa aliyekutwa katika zile mita 7.5 zilizoongezwa, ambaye anastahili fidia. Muuzaji mjanja anaijua tofauti hii vizuri kabisa. Aliye kwenye nyekundu huuza haraka. Aliye kwenye kijani huuza pia, lakini jina lake huliacha katika daftari la wathamini, ili bei ale yeye na fidia ale yeye. Huyu wa pili sijui tumwite nani.

Liko pia suala la mito na mabonde. Kasulu ni mji wa vilima, na kila kilima kina kijito chake chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mnunuzi anaonyeshwa udongo mweusi wenye rutuba wakati wa kiangazi, na kijito kimekauka kiasi kwamba unaweza kukiruka. Anaambiwa hapa maji hayako mbali. Ni kweli, hayako mbali!

Kubwa kuliko hayo ni mashamba ya hifadhini. Wasomaji wetu wa Kagera Nkanda na Makere wanayajua masaibu ya Msitu wa Makere Kusini kuliko sisi, na wa upande wa mashariki wa Kibondo wanalijua Pori la Akiba la Moyowosi. Ekari zinapimwa kwa kamba, zinauzwa kwa wageni waliotoka mbali, wengine wakiwa wafugaji wenye ng'ombe wao, na muuzaji anasema "hapa tumelima tangu babu". Siku ya operesheni, aliyefyekewa mahindi ni mnunuzi. Tena siku hizi wauzaji wamepata hoja mpya. Mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na migogoro na hifadhi na taasisi nyingine vibaki. Basi kila anayeuza msitu anasema eneo lake limo katika hivyo 920. Kijiji kuruhusiwa kubaki hakumaanishi kwamba kila aliyekata miti ng'ambo ya mpaka amepata shamba la kuuza. Mpaka huamuliwa kwa tangazo na kwa ramani. Muulize akuonyeshe.

Ardhi ya kijiji nayo ina sharti lake ambalo wengi hulificha au hawalijui. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, uhamishaji wa haki ya kimila unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili. Saini ya mwenyekiti peke yake, iliyopatikana nyumbani kwake saa mbili usiku pamoja na "elfu kumi ya wino", si idhini ya Halmashauri. Vilevile wapo wanaodaiana kwa sababu ya Operesheni ile ya 1972: sheria hiyo imeyathibitisha magawio ya vijijini yaliyofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, lakini muuzaji ambaye ana shauri linaloendelea juu ya jambo hilo, akauza bila ya kulitaja, amemwuzia mwenzake kesi.

Tusiyapite mambo ya nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Wanaume wetu wengine hulikasirikia neno hili, wakasema nyumba ni ya mwanamume. Sawa, lakini mnunuzi akimkuta mama na watoto sita ndani ya nyumba aliyoilipia, atakuja kudai fedha zake kwa nani kama si kwako?

Na mirathi! Hapa ndugu zangu inatupasa kuona haya. Baba anafariki, kaka mkubwa anauza kitalu cha ukoo, na dada zake wanne hawajui lolote mpaka wanapomwona mgeni akilima. Allah (S.W.) katika Suratun Nisaa amewagawia mabinti fungu lao kwa ukamilifu ambao hakuliachia ukoo. Mila zetu za Kiha zimezoea kumwona binti kuwa ni wa kwa mumewe, na tunajificha nyuma ya mila hizo siku tunapotaka fedha, hali siku nyingine zote tunajiita watu wa Sunna. Kwa sheria ya nchi, anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka ambaye hakuteuliwa hana cha kuuza zaidi ya fungu lake, nalo halijagawanywa.

Rehani tuitaje kwa ufupi: hati iko kwa mkopeshaji, nyumba inauzwa kwa nakala. Ukiona hati ni ya fotokopi, simama.

Mauzo ya aina mbili, na dawa mbili

Aliyekwisha kuuziwa afanye nini? Kwanza ajue ameuziwa nini, maana hapa fiqhi na sheria ya nchi hukutana kwa namna ya kushangaza.

Iko ardhi ambayo muuzaji hakuwa nayo kabisa: hifadhi ya msitu, eneo lililomo ndani ya hifadhi ya barabara, fungu la warithi wengine. Hakim bin Hizam (R.A.) alikatazwa na Mtume (S.A.W.) kuuza asichokuwa nacho, na mauzo ya namna hii hayasimami. Kwa sheria pia hakuna anayeweza kuhamisha haki asiyokuwa nayo. Mkataba ni kama haukuwapo, na Sheria ya Mikataba inamlazimu aliyepokea kitu chini ya makubaliano batili akirudishe. Mnunuzi adai fedha zake zote, na juu yake hasara aliyoipata kwa sababu ya udanganyifu ule: saruji, mafundi, bati.

Na iko ardhi ambayo ni ya muuzaji kweli, ila ina kasoro: sehemu yake haijengeki, au imewekewa masharti ya matumizi, au imepangwa katika ramani ya mji kuwa ya jambo jingine. Hapa mauzo yamepita, lakini mnunuzi ana khiyari. Mtume (S.A.W.) alimhukumia hivyo aliyeuziwa mnyama aliyefungwa chuchu ili aonekane ana maziwa mengi: ana siku tatu, akitaka amshike, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Sheria nayo inaliita jambo hili mkataba unaoweza kubatilishwa kwa hiari ya aliyedanganywa.

Lakini khiyari ina adui, naye ni uzembe. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, anayegundua kasoro inampasa arudishe mara moja. Akiendelea kukitumia kitu kana kwamba ameridhika, haki yake ya kurudisha inaanguka. Mahakama nazo humtazama hivyo hivyo mtu aliyejua akaendelea kujenga. Kwa hiyo siku ulipoiona ile X, simamisha mafundi. Piga picha. Nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri, na kama ni barabara nenda kwa Wakala wa Barabara, uombe maandishi yanayoeleza mpaka ulipo. Mwandikie muuzaji barua ya madai, ukitaja umenunua lini, kwa kiasi gani, umegundua nini na unataka nini, na umpe siku za kujibu. Barua hiyo iwe na nakala.

Akikataa, nenda kwa wazee na kwa Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata. Wengi hawajui kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena shauri la ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa litakupa hati ya kushindwa, na zikipita siku 30 bila ya suluhu unaweza kwenda mbele hata bila ya hati hiyo. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mamlaka juu ya mashauri ya kurejesha mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Usiporidhika, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Ikiwa anayelalamikiwa ni Halmashauri au taasisi ya Serikali, kwa mfano kijiji chenyewe ndicho kilichokuuzia, njia ni nyingine: ilani ya siku 90 kwanza, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu pamoja na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Usilichanganye na dai lako dhidi ya muuzaji kabla ya kupata ushauri. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awatafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Muda nao una hesabu yake. Dai la mkataba ni miaka 6, dai la kurejeshewa ardhi ni miaka 12, na penye udanganyifu saa huanza kuhesabiwa tangu ulipougundua au ulipopaswa kuugundua. Polisi unaweza kwenda, kwani kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa la jinai. Ila polisi hawaamui mpaka wala miliki, na muuzaji kulala rumande hakukurudishii hata senti.

"Ni kadari, na usimpeleke Mwislamu mwenzako kwa twaghuti"

Sasa tufike mahali panapotuuma zaidi, kwa sababu maneno haya husemwa ndani ya misikiti yetu, tena na watu wa da'wa. Aliyedhulumiwa akitaka kwenda barazani anaambiwa asubiri, rizki ameandikiwa, na kwamba kumshitaki ndugu yake katika baraza la Serikali ni kuhukumiwa kwa sheria isiyokuwa ya Allah. Ajabu ni kwamba maneno haya hatujayasikia yakiambiwa muuzaji. Yeye alipoichapisha hati ya mauziano kwa mwanasheria na kuipiga muhuri, hakuna aliyemkumbusha twaghuti.

Subira ni juu ya msiba. Fedha yako iliyomo mfukoni mwa mtu anayejulikana, anayeishi mtaa wa pili, hiyo ni amana inayodaiwa. Naye Mtume (S.A.W.) alihudhuria Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an kabla ya kupewa utume, katika Makka ya washirikina. Sababu ya mkataba ule ilikuwa nini? Mfanyabiashara wa kutoka Yemen aliuza bidhaa zake kwa Al-Aas bin Wail, akanyimwa fedha yake, akapanda mlimani kulalamika. Ilikuwa ni kesi ya mauziano! Na baada ya Uislamu Mtume alisema kwamba lau angeitwa tena kwa mkataba kama ule angeitikia. Basi ni nani anayemkataza mjane wa Kibondo kuutafuta mkono wa kumrudishia haki yake?

Wengine wanasema tungoje Mahakama ya Kadhi. Madai ya Kadhi ni ya haki na tutaendelea kuyaandika. Lakini Tanzania Bara kadhi hana nguvu ya dola, anaweza kupatanisha tu; na hata Zanzibar na Kenya, ambako mahakama hizo zipo kisheria, kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Mkataba wa kiwanja hauendi huko. Msuluhisheni hawa wawili msikitini leo kama mnaweza, muuzaji arudishe fedha mbele ya jamaa, hilo ndilo bora. Mkishindwa, msisimame mlangoni mwa baraza.

Na kuna neno tunalolisema kwa uchungu kumwambia aliyedhulumiwa. Tumewaona wanaoichagua njia ya tatu: wanaipaka chokaa ile alama, wanamtafuta dalali yule yule, na kumwuzia mtu wa tatu. "Na mimi niliuziwa hivyo hivyo." Siku ile ulipouona ukuta wako umechorwa ulilia, ukamwita muuzaji mwizi. Leo unajua zaidi ya alivyojua yeye, na unanyamaza zaidi ya alivyonyamaza. Kilio chako cha jana kilikuwa juu ya dhulma, au kilikuwa juu ya fedha tu?

Kwa anayekusudia kununua, msimu huu wa baada ya mavuno viwanja vinapotembea sana, tunapendekeza maneno machache yaandikwe katika hati kabla ya dole gumba. Faida yake ni kwamba muuzaji hawezi tena kusema hakuulizwa, na akiandika uongo ametoka katika ukimya akaingia katika kauli ya uongo, ambayo sheria huitazama kwa jicho kali zaidi. Maneno yenyewe ni haya: "Mimi muuzaji nimeulizwa mbele ya mashahidi, nami natamka kwamba ardhi hii haimo ndani ya hifadhi ya barabara, ya mto, ya msitu wala ya wanyamapori, haina rehani, zuio wala shauri, mke wangu, mume wangu au warithi wenzangu wanajua na wameridhia, Halmashauri ya Kijiji imeidhinisha pale inapohitajika, na ninachokijua juu ya masharti ya ardhi hii ni hiki kifuatacho." Kisha iachwe nafasi ya mistari mitano, aijaze kwa mkono wake mwenyewe, na asiyejua kuandika aandikiwe akisomewa. Nakala tatu: ya mnunuzi, ya muuzaji, na ya ofisi ya mtendaji.